Mcheza Kwao Hutuzwa: Singeli, Muziki wa Kompyuta na Uhakiki wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini aghalabu husahauliwa kwamba tuzo ni za namna mbili. Ipo tuzo ya anayeinuka akacheza pamoja na mchezaji, na ipo tuzo ya anayeketi akatafakari kilichochezwa, kisha akakieleza kwa lugha ambayo mchezaji mwenyewe anaielewa. Vijana wa Afrika Mashariki wanaotunga muziki kwa kompyuta wameipata tuzo ya kwanza mitaani kwao. Ya pili wanaipata ugenini, kwa lugha za kigeni, kutoka kwa wahakiki ambao aghalabu hawaelewi maneno yanayoghanwa katika kazi hizo. Wasomi wa Kiswahili, waliostahili kuwa mstari wa mbele, wamesema machache mno.

Yafaa kuanza na asili ya muziki wenyewe. Muziki wa hausi ulichipuka mjini Chicago, Marekani, kutokana na dansi za usiku katika ukumbi ulioitwa Warehouse, ambako Frankie Knuckles alianza kucheza santuri mwaka 1977. Tekno ilizuka Detroit katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana Weusi watatu: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ambienti, yaani muziki mtulivu usiomlazimisha msikilizaji kucheza, ulipewa jina hilo na Mwingereza Brian Eno mwaka 1978.

Katika historia hiyo mna funzo kwa mwanafunzi wa lugha. Mwaka 1988 kampuni moja ya Uingereza iliandaa santuri ya mkusanyiko wa kazi za Detroit. Awali santuri hiyo ilikusudiwa kutangazwa kuwa hausi ya Detroit, kana kwamba Detroit ni kitongoji cha Chicago. Atkins alikuwa na neno lake, na wimbo wake "Techno Music" ulichangia kulibadilisha jina la santuri nzima. Tangu hapo Detroit imesimama kwa jina lake yenyewe. Ni dhahiri, basi, kwamba anayekipa kitu jina hukipa pia mipaka na hadhi. Jina likitoka kwa mgeni, mipaka nayo huwekwa na mgeni.

Afrika Mashariki ina bahati katika jambo hili, kwa kuwa muziki wake wa kielektroniki unaotajika zaidi ulijipa jina mapema. Singeli ilikulia katika mitaa ya Dar es Salaam kama vile Tandale na Manzese, katika sherehe za mtaani zijulikanazo kama vigodoro. Ndani yake mna damu ya mchiriku, ile ngoma ya vinanda vidogo vya umeme, na mna pia vipande vya taarabu vilivyokatwa, vikaharakishwa na kurudiwarudiwa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso. Zikafuata "Poaa" ya Bamba Pana mwaka 2018, "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta na "Uingizaji Hewa" ya Duke mwaka 2019, "Mr Mixondo" ya DJ Travella mwaka 2022, na "Singeli Ya Maajabu" ya Sisso na Maiko mwaka 2024. Kazi hizo zimewafikia wapenzi wa tekno wa Ulaya, nao wamezipokea kama jambo jipya kabisa.

Lakini wamepokea nini hasa? Chukua anwani ya "Uingizaji Hewa". Mgeni akitafsiriwa ataambiwa kwamba ni jambo linalohusu madirisha na feni, naye atapita. Mwanafunzi wa mofolojia hawezi kupita. Ataona kitenzi "ingia" kikinyambuliwa kuwa "ingiza", kikageuzwa nomino kwa viambishi "u-" na "-aji", na kuungwa na "hewa". Hiyo ni istilahi ya mhandisi na ya michoro ya majengo. Kuiweka juu ya muziki unaokwenda kwa kasi ya kumkata msikilizaji pumzi ni kinaya, na kinaya hicho humfikia ajuaye Kiswahili peke yake. "Tatizo Pesa" nayo ni sentensi kamili iliyoangusha kitenzi kishirikishi, kama isemwavyo kila siku kibarazani na kituoni mwa daladala. Hakuna mhakiki wa kigeni anayeweza kulaumiwa kwa kutoyasikia hayo. Wa kulaumiwa ni yule anayeyasikia akanyamaza.

Kasi yenyewe ni suala la arudhi. Hausi ya kawaida huwa na mapigo yapatayo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde. Singeli hupita mapigo 200 kwa wepesi. Ikifika 240, kila sekunde hubeba mapigo manne. Mghani akiweka silabi moja katika kila pigo, mshororo wa mizani 16 utakamilika kwa sekunde nne. Akiweka silabi mbili, utakamilika kwa sekunde mbili tu. Ni wapi atakapovuta pumzi? Ni wapi atakapoangusha kina ili kisikike? Je, silabi za Kiswahili, ambazo kwa sehemu kubwa huishia kwa irabu, humsaidia kuliko lugha yenye silabi funge? Haya ni maswali ambayo mwanafunzi wa ushairi amefunzwa kuyauliza kuhusu utenzi na shairi la tarbia. Hapana sababu ya kuyakoma mlangoni mwa studio. Hali kadhalika, kile ambacho mafundi wa kompyuta hukifanya kwa kurudia kipande kimoja cha sauti mara mia, wahakiki wa Kiswahili wana jina lake tangu zamani: takriri.

Hata neno "andagraundi" lastahili kuchunguzwa. Katika vilabu vya Berlin, muziki wa chini kwa chini ni ule unaokataa soko kwa hiari na kuona fahari katika kukataa huko. Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, msanii andagraundi ni yule ambaye bado hajatoka, asiye na jina wala fedha, na ambaye angefurahi sana kutoka leo kabla ya kesho. Neno ni moja, ila huku ni cheo na kule ni dhiki. Santuri ya kijana wa Mburahati inapouzwa Ulaya kwa sifa ya uandagraundi, maana mbili hugongana, na mwenye santuri hupachikwa fahari ambayo pengine hakuiomba. Uhakiki wa Kiswahili ungeligundua hilo katika aya ya kwanza.

Upo upande wa pili wa muziki huu usio na kasi wala maneno, na mfano wake bora unatoka Nairobi. Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, ni mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na amelirithi jina la babu yake. Kazi yake "Peel" ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Editions Mego ya Vienna. Hutembea na kinasa sauti, akanasa milio ya mahali, kisha akaifinyanga kwa kompyuta mpaka ikawa wingu la sauti linalosonga taratibu. Katika "Natur" ya mwaka 2024, ambayo ni kipande kimoja kirefu, kuna tofauti anayoisikia kati ya usiku wa Nairobi na ukimya wa Berlin alikohamia, pamoja na mvumo wa umeme ambao sikio haliusikii bila chombo.

Yupo atakayeuliza kazi isiyo na neno hata moja inamhusu nini msomi wa fasihi. Jibu limo katika istilahi anayoitumia kila siku. Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kwamba mandhari ni mahali na wakati wa matukio, na kwa kawaida huyapa mandhari aya moja fupi kabla ya kuwarukia wahusika. Katika kazi za KMRU wahusika wameondoka. Mandhari yamebaki peke yake jukwaani na kuwa mhusika mkuu. Neno "mandhari", basi, linaufaa muziki huu kuliko mkopo wowote, na "muziki-mandhari" ungekuwa msamiati unaoeleza bila kuhitaji tanbihi. Lugha haikupungukiwa na neno. Ilipungukiwa na mtu wa kulitumia.

Pingamizi hazikosi. Wapo wasemao kwamba singeli ni uhuni na kwamba baadhi ya maneno yake hayatamkiki mbele ya wazazi. Ni kweli kwamba zimo nyimbo za aina hiyo, na hapana haja ya kuzitetea zote. Hata hivyo, aliyesoma mipasho ya taarabu au nyimbo za unyagoni anajua kwamba fasihi simulizi haikungoja ruhusa ya adabu ili iwe fasihi. Kazi ya mhakiki ni kupembua, na hapembui asiyeshika ungo. Jina la lebo ya Kampala iliyotajwa lenyewe lamfanya Mswahili ainamishe uso, ilhali waanzilishi wake hueleza kwamba katika Kiganda ni hamu ya ghafla ya kucheza. Mgongano huo wa lugha mbili jirani ni mada ya isimu inayostahili kuandikiwa tasnifu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba wenye kutoa santuri hizi wako nje ya Uswahilini, kwa hiyo ni haki yao kuzieleza. Hoja hii inajibiwa na historia ya fasihi yenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, kwa kampuni ya kigeni na mitambo ya kigeni. Alikuwa mwanamke wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, na muziki wake haukuwa ule wa madarasani. Hata hivyo, aliyeuandika wasifu wake kwa Kiswahili ni Shaaban Robert, bingwa wa nathari na ushairi wa lugha hii. Nyimbo zilirekodiwa Bombay. Maelezo ya thamani yake hayakungojwa kutoka Bombay. Mwandishi huyo hakuona kwamba kalamu yake imeshuka hadhi kwa kumfuata mwimbaji.

Kinachohitajika leo si kikubwa. Semina moja ya fasihi simulizi katika muhula yaweza kutengwa kwa kusikiliza "Poaa" au "Natur" kwa makini uleule unaotumiwa kuyasoma mashairi. Majarida ya vyama vya Kiswahili, ambayo hutenga kurasa za kuhakiki riwaya mpya, yaweza kutenga ukurasa mmoja wa kuhakiki santuri mpya. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada aweza kukusanya maneno ya waghani wa singeli na kuyanukuu kabla hayajapotea, maana mghani wa kigodoro haandiki, na kinachosalia studioni mara nyingi ni mdundo tu. Waalimu nao wanaweza kuruhusu tasnifu ya namna hiyo bila kumtaka mwanafunzi aombe radhi katika utangulizi.

Yasipofanywa hayo, miaka ishirini ijayo mjukuu wa mghani wa Manzese atakayetaka kujua babu yake aliimba nini itabidi asome maelezo ya mtu ambaye alisikia mapigo peke yake. Atajua kwamba yalikuwa mengi na ya haraka. Kwamba yalibeba maneno, na maneno hayo yalikuwa na maana, hatakuwa na pa kujulia. Mcheza kwao hutuzwa, lakini sharti kwao pawepo mtu anayesikiliza.