Meli zilizozama zitunzwe kama mawe ya Oltepesi
OLTEPESI, Kaunti ya Kajiado, i mbali na bahari, lakini ina funzo kwa wanaopiga mbizi Mombasa. Karibu nayo, katika kituo cha Olorgesailie, mashoka ya mawe yaliyochunguzwa na Louis na Mary Leakey miaka ya 1940 yangali yamelala palepale yalipopatikana. Mgeni hutazama, haokoti.

Mlinzi wake, Makavazi ya Kitaifa, ana mzigo mzito zaidi baharini. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome hiyo. Wanaakiolojia waliichimbua hadi 1980. Vifaa vikapelekwa ngomeni, mbao za tumbo lake zikaachwa majini.

Sheria ya 2006 yaruhusu mabaki ya meli kulindwa. Hata hivyo, chini ya maji hakuna ua wala bawabu. Anayetafuta burudani anayo MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kwa ajili ya samaki na wapiga mbizi. Meli ya kale ni kumbukumbu: kigae kikiokotwa kabla ya mahali pake kuandikwa, habari zake hupotea. Wavuvi na wapiga mbizi, wanaoiona kwanza, ndio wafunzwe kuilinda.