Mfereji Wangu Uko Kathonzweni

Kila nikitoka Wote kwa baiskeli kuelekea Kathonzweni, naandika kilomita kwenye daftari na kuzihamishia Ufaransa. Canal du Midi ina kilomita 240, kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau, kando ya Mediterania. Sasa nakaribia Carcassonne. Wasee wangu wa Nairobi hucheka: si upande baiskeli Karura kama watu? Wengine, wale wasomi, wanasema nimetawaliwa kiakili.

Nianze na wasomi. Mfereji ule haukuchimbwa kwa ajili ya selfi. Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi, aliuanza 1666, akafa 1680, miezi michache kabla haujafunguliwa. Njia ya kando ambayo watalii wanaendeshea baiskeli leo ilikuwa ya farasi waliokokota mashua za mizigo. Maji yalitolewa milimani na kuwekwa kwenye bwawa la Saint-Ferréol, la sivyo mfereji ungekauka. Mtu wa Makueni asipoelewa hilo, nani ataelewa? Bwawa letu ni Thwake, pale mto huo unapokutana na Athi, ng'ambo ni Kitui. Ujenzi ulizinduliwa 2018 na bado tunasimuliwa habari zake kila wanasiasa wakija kuomba kura.

Sasa nyinyi wa Karura, mnaodhani baiskeli ni mambo ya wikendi na helmeti ya bei. Huku inabeba mitungi minne ya lita 20, kilo 80 za maji, na mwenyewe anaisukuma mlima mzima kwa miguu. Huyo ndiye farasi wa Riquet. Na ndiye anayepigiwa honi na Probox ashuke kwenye changarawe, kana kwamba lami ni ya wenye injini peke yao.

Juzi nilipigiwa mimi. Nikashuka, gurudumu la mbele likazama mchangani, nikachubuka kiwiko. Dereva hakupunguza hata kidogo. Mzee mmoja mwenye mitungi alisimama, akaniosha kidonda kwa maji aliyoyafuata mbali.

"Pole, mwanangu. Hii barabara si yetu."

Mzee, hapo nakataa. Unalipa kodi kila ukinunua sukari. Barabara ikiwekwa lami, tukatiwe mita moja na nusu ya baiskeli kabla mheshimiwa hajakata utepe.

Nilitaka kumlipa yale maji, akakataa. Jioni niliandika kilomita tisa tu. Carcassonne ingoje.