Mwenye nyumba na mpangaji mwenye ulemavu

 

Mzee mmoja alinijia baada ya sala ya Isha, hapa Dar es Salaam, akiwa na swali. Mkewe amepooza upande mmoja kwa kiharusi. Nyumba waliyopanga ina ngazi mbili mlangoni, na choo kiko uani. Kila haja humbeba mgongoni. Ameomba ajenge mteremko wa zege na kufunga bomba la kushikia chooni, kwa fedha yake mwenyewe. Mwenye nyumba amekataa, na kusema kodi yao ya miezi sita ikiisha wahame.

Ndugu Waislamu, milki ni haki ya mwenyewe, wala mpangaji haruhusiwi kuvunja au kujenga bila ya idhini. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii wamemtaka mwenye nyumba akabidhi ufunguo na kutengeneza kilichobomoka. Asipofanya, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Lakini ngazi hizi hazikubomoka. Zilikuwapo siku ya makubaliano. Kwa hiyo sitasema kwamba gharama ya mteremko ni wajibu wa mwenye nyumba.

Lakini mzee hakuomba fedha, ameomba ruhusa. Na hapa ndipo penye kadhia. Katika Bukhari na Muslim, Abu Hurayra (RA) amepokea kwamba Mtume (SAW) alikataza mtu kumzuia jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake. Abu Hurayra alipowaona watu wanalipa kisogo agizo hilo, aliwakemea. Imamu Ahmad aliliona kuwa ni wajibu. Wengi wengine wamesema ni jambo linalopendekezwa. Basi ikiwa jirani asiyelipa senti ana heshima hiyo katika ukuta wa mwenzake, vipi mpangaji aliyelipa kodi mapema, tena kwa dharura ya mgonjwa? Mimi naona kumnyima ni dhuluma, na kumpandishia kodi kwa sababu hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma.

(Nasi maimamu tujitazame. Misikiti yetu mingapi ina ngazi mlangoni na sakafu ya utelezi pa kutawadhia, ilhali Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alikuwa mwadhini wa Mtume?)

Hofu ya mwenye nyumba ina dawa. Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandikiana madeni. Na hili nalo liandikwe mbele ya mashahidi: nani analipa, na siku ya kuhama mteremko utabaki au utavunjwa. Kazi yenyewe si kubwa. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja, kwa kipimo cha 1 kwa 12, zahitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Mwenye uwezo akichangia saruji, hiyo ni sadaka yake.

Kodi ya mzee inaisha mwezi ujao. Leo baada ya Alasiri tutakwenda pamoja kwa mwenye nyumba wake, tukiwa na fundi na futi kamba.