Bendi zetu ziandike majina ya wapigaji

Mhariri,

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba "Chemirocha", wimbo unaomtaja mwanamuziki Jimmie Rodgers wa Marekani. Wimbo ukazunguka dunia. Wenyewe wakasubiri zaidi ya miaka 60 hadi shirika la Kenya la Ketebul Music na hifadhi ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini walipourudisha nyumbani.

Leo bendi changa za Kericho na Bomet hujirekodia zenyewe, na nazipongeza kwa dhati. Lakini kazi ikiisha, nguvu zote huenda kwenye bango la shoo: mwimbaji yumo, mpiga gitaa hayumo. Vijana wetu, ili msisubiri kama wale wasichana, mwandikeni kila mpigaji, sajilini nyimbo, na nakala moja iwekeni maktaba ya umma kabla hamjapanda jukwaani.

Msomaji wako,
Litein