Krismasi ya Kihambani
Mjini siku hizi watu wananunua mbao zilizochakazwa makusudi, eti sebule ifanane na nyumba ya shamba ya Marekani. Huku Marangu, kwenye kihamba cha mama yangu, yaani shamba la nyumbani, uchakavu haununuliwi. Tawi la msonobari limesimama kwenye ndoo ya mchanga, limebandikwa pamba ya dukani iwe theluji, ilhali theluji yenyewe iko Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mawingu yakifunguka unaiona ukiwa uani. Mlangoni amening'iniza majani makavu ya mgomba aliyoyasuka mwenyewe, na katikati yake masale mabichi, jani ambalo Wachaga huombana nalo radhi. Maputo niliyoyaleta kutoka Dar yalipasuka kabla nyama haijaiva. Mama alicheka, akanituma uzioni nikate masale mengine.