Kuchomoa Betri Si Matengenezo

Nimekuwa kimya wiki tatu, samahanini. Kazi zilinibana, kisha likatokea jambo la gari la ami yangu likanichemsha damu hadi nikaona nisipoliandika sitalala. Waliokuja kutafuta PHP na Linux nawaambia mapema kwamba leo ni magari. Lakini msikimbie. Gari la siku hizi ni kompyuta yenye magurudumu, na wallahi, haya yanayofanyiwa kompyuta hizo hapa Mombasa yangefanyiwa seva za benki, kuna watu wangefungwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Ami anakaa Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, kwenye vile vichochoro ambavyo ukikutana na mkokoteni lazima mmoja wenu arudi nyuma. Ana kigari cha Kijapani cha cc 1300, na kazi yake kubwa ni kumvusha mkewe kwa feri mara mbili kwa wiki kwenda Likoni kumtazama mama yake aliyelala kitandani. Mwezi uliopita gari likawa zito. Ukikanyaga mafuta linafikiri kwanza, ndipo liende. Akalipeleka gereji moja ya hapa hapa kisiwani (siitaji, na wala si hiyo peke yake), fundi akafungua boneti, akasikiliza, akatoa hukumu: "Mzee, kompyuta imechoka. Yataka kurisetiwa." Akachomoa waya wa betri, akaenda kunywa chai, akarudi, akarudisha waya. Shilingi 1,500.

Gari likawa jepesi! Ami akarudi nyumbani anamsifu fundi barabara nzima. Siku ya nne likawa zito tena. Akarudi. Waya ukachomolewa. Jepesi tena. Mara tano, bwana. Shilingi 7,500 kwa kazi ambayo mwanangu wa miaka sita anaweza kuifanya nikimpa spana namba kumi.

Mara ya tano ilikuwa asubuhi, na mchana wake wakavuka. Wanaoijua Likoni wanaujua ule mteremko wa kutokea feri. Unatoka chini kabisa, mbele yako mlima, nyuma yako lori, pembeni watu wa miguu mamia kwa mamia wanakazana. Gari likaanza kutetemeka, taa ya injini ikawa inawaka na kuzima, nguvu ikakata katikati ya mlima, likaanza kurudi nyuma. Ami akavuta breki ya mkono. Mkewe akashuka kwa mkongojo. Wapita njia, Mungu awape kheri, ndio waliolisukuma hadi juu.

Jioni nikaenda na kidude changu cha kusoma kompyuta ya gari, hivi vinavyoitwa ELM327, nakala za Kichina zinazounganishwa na simu kwa bluetooth, bei yake ni kama riseti moja ya fundi yule. Nikakichomeka chini ya usukani. Kumbukumbu ilikuwa karibu tupu, maana ilifutwa asubuhi, lakini kodi moja ilikuwa imeshaanza kurudi kwenye orodha ya zinazosubiri: P0303. Kwa lugha ya watu, silinda ya tatu inakosa moto. Nikafungua koili ya silinda ile. Plagi ya waya wake imeota kutu ya kijani, kutu yetu hii ya pwani inayokula mabati, mageti na sasa nyaya za magari.

Nikamwambia Ami, "Kompyuta haikuchoka. Kompyuta ilikuwa inapiga kelele na fundi alikuwa akiiziba mdomo."

Akanijibu neno ambalo limenifanya niandike makala hii yote: "Mwanangu, mimi si mjinga. Kila akichomoa, gari linakuwa jepesi. Nimeliendesha mimi mwenyewe."

Na ukweli ni kwamba hakuwa anajidanganya. Hapa ndipo wataalamu wengi wa kompyuta tunapokosea, tunamcheka mtu badala ya kueleza alichokiona. Basi nieleze.

Zamani pedali ya mafuta ilikuwa na waya wa chuma uliokwenda moja kwa moja kufungua mlango wa hewa wa injini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 waya huo ukaanza kutoweka. Sasa pedali yako ni sensa tu, tena mbili zinazochungana. Unapokanyaga unapeleka ombi. Kompyuta ndiyo inayoamua, kisha mota ndogo inafungua mlango wa hewa, yaani throtoli, kwa kiasi kompyuta ilichokubali. Ikiona hatari inaweza kukunyima. Injini ikikosa moto sana, kompyuta za baadhi ya magari hukata petroli ya silinda mbovu, kwa sababu petroli isiyoungua ikitoka inakwenda kuungulia kwenye katalisti, ile sehemu ya ekzosi yenye matundu kama masega ya nyuki, na kuiyeyusha. Hitilafu nyingine zikionekana, hasa za throtoli yenyewe, gari linabana nguvu makusudi ili ufike nyumbani polepole.

Ukichomoa betri, katika magari mengi kumbukumbu ile yote inapotea. Kompyuta inaamka haijui kitu. Inaondoa vizuizi, inarudisha petroli kwenye silinda mbovu, inakupa mlango wa hewa wote unaouomba. Gari jepesi! Bila shaka jepesi. Mlinzi umemlewesha, mwizi hajaondoka. Siku tatu nne kompyuta inajifunza upya kwamba kuna ugonjwa, inabana tena, na wewe unarudi gereji na 1,500 nyingine.

Kuna na sababu ya pili, nayo ni ya hesabu. Kompyuta inapima moshi kwa sensa ya oksijeni na kurekebisha petroli kidogo kidogo, kisha inahifadhi wastani wa marekebisho hayo kwa muda mrefu. Gari lenye afya marekebisho yake huwa karibu na sifuri, asilimia tano juu au chini. Ukiona asilimia 15 au 20 kuna jambo: bomba la hewa limepasuka, au sensa inasema uongo. Ikiwa sensa ndiyo mwongo, riseti inafuta uongo wote uliokusanyika na gari linapumua vizuri siku mbili tatu, mpaka sensa ile ile imalize kuijaza kumbukumbu uongo mpya.

Ya tatu inachekesha. Wakati mwingine fundi anapokaza upya kichwa cha betri kilichokuwa na kutu, ndio ametengeneza gari! Umeme ulikuwa haupiti vizuri, sasa unapita. Amefanya matengenezo ya kweli pasipo kujua, kisha sifa anaipa riseti.

Wengine watasema nawaonea mafundi. La. Riseti ina mahali pake. Throtoli ikijaa masizi, kompyuta huwa imejifunza kuifungua zaidi kidogo ili injini isizimike ikiwa imetulia. Ukiisafisha, yale mafunzo ya zamani hayafai tena, injini itanguruma juu bila sababu, kwa hiyo unafuta ili ijifunze upya. Nissan nyingi zina utaratibu wake maalumu wa kulifundisha gari hewa ya kutulia, na kuchomoa betri peke yake hakutoshi. Lakini tazameni mpangilio: kwanza soma, halafu tengeneza, halafu ndipo ufute. Mafundi wetu wengi wamebaki na hatua ya mwisho tu, kwa sababu ndiyo isiyohitaji kujua chochote.

Na sisi waandishi wa programu tusijifanye malaika. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo seva ilikufa kila usiku, na kwa miezi minne dawa yetu ilikuwa kuizima na kuiwasha kila asubuhi kabla bosi hajaingia. Faili la kumbukumbu za makosa lilikuwa linajaza diski, tukaandika skripti ya kulifuta. Tulikuwa tunafuta jibu la swali letu wenyewe. Kwa hiyo namjua yule fundi vizuri, nimewahi kuwa yeye.

Tofauti ni kwamba seva yangu haikuwa imebeba mama wa watu kwenye mteremko wa Likoni.

Sasa tuje kwenye uovu hasa, maana hayo ya juu naweza kuyaita ujinga. Kenya inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mengi yanashushwa bandarini Kilindini yakiwa na miaka sita saba na kilomita zake nyingi, kisha yanauzwa na kuuzwa tena. Usiku wa kuamkia siku ya mnunuzi kuja kutazama gari, betri inachomolewa. Asubuhi taa ya injini imezima, gari jepesi, kila mtu anatabasamu. Wiki moja baadaye taa inawaka, muuzaji anasema "lilikuwa zima nilipokupa". Huo ni wizi uliovaa ovaroli.

Bahati nzuri walioiandika lugha ya OBD waliliwaza hilo. Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996, Ulaya ikafuata na magari ya petroli 2001, Japani ikaweka sharti lake 2008, ndiyo maana magari mengi ya Kijapani ya kabla ya hapo hayaelewani vizuri na vidude hivi. Katika lugha hiyo kuna swali ambalo watu wengi hawalijui. Unaiuliza kompyuta 01 31, nayo inakujibu umetembea kilomita ngapi tangu kumbukumbu ya makosa ilipofutwa. Nilipoliuliza gari la Ami lilijibu:

41 31 00 0C

Namba mbili za mwisho ndizo jibu. Zidisha ya kwanza kwa 256, jumlisha ya pili. Hapa sifuri na 0C, yaani kilomita 12. Gereji, nyumbani, feri, Likoni, kurudi. Kila kitu kipo. Si lazima uandike amri hizo kwa mkono, programu nyingi za simu zinaonyesha, na si kila gari linajibu. Tena tusiwe na haraka ya kuhukumu: gari lililoshuka melini jana pengine betri yake ilikufa njiani, sifuri yake haina hatia. Lakini mtu anakwambia gari analiendesha kila siku kazini kwa miaka miwili, na kompyuta inasema lilifutwa kilomita sita zilizopita? Mwulize kwa adabu, halafu funga pochi.

Pia kuna vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe, na vikifutwa vinachukua siku kadhaa za kuendesha kukamilika. California ukipeleka gari kupimwa moshi na vipimo vingi havijakamilika, wanakurudisha nyumbani. Na magari ya Marekani kuanzia takriban modeli ya 2010 yana kodi za kudumu ambazo kuchomoa betri hakuzigusi. Zinaondoka gari lenyewe likihakikisha limepona. Wenzetu waliona mchezo huu mapema wakauwekea kufuli. Sisi bado tunaulipia 1,500.

Nisisahau vile vidude vya "kuongeza nguvu" vinavyochomekwa kwenye pedali. Vinachofanya ni kudanganya: umekanyaga robo, kinaiambia kompyuta umekanyaga nusu. Injini ni ile ile. Ungekanyaga zaidi mwenyewe bure.

Aha, na redio! Magari yetu yanaongea Kijapani kila ukiwasha, tumezoea, yule dada wa kadi ya barabara tunamjibu "haya mama". Lakini ukichomoa betri, redio na ramani za baadhi ya magari hujifunga na kudai namba ya siri kwa Kijapani. Ami hana redio tangu riseti ya kwanza. Fundi alimwambia, "Hiyo ni nyingine, mzee, ina bei yake."

Ninachotaka si kikubwa. Fundi asiguse betri ya mtu kabla hajaisoma kompyuta na kumwandikia mwenye gari kodi alizozikuta, hata kwenye kipande cha boksi la sigara. Kama hana mashine aseme hana, wapo wenye nazo Mombasa hii hii. Na wewe mwenye gari ukiambiwa "yataka kuriseti", uliza kwanza imesema nini. Akikosa jibu, funga boneti uende zako. Na taa ya injini ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima, usingoje gereji yeyote: punguza mwendo, simama, maana hapo ndipo katalisti inapoungua.

Ya Ami iliungua. Koili na plagi yake ya waya tulibadilisha kwa kazi ya dakika ishirini, gari likavuta kama zamani, lakini mlio wa masega yaliyovunjika ndani ya ekzosi ulikuwa unasikika hadi barazani. Katalisti mpya bei yake sijaweza kumtajia. Nimemwambia nusu. Jana alinipigia akiwa Kibokoni, amekutana na yule fundi kwenye viazi vya karai, fundi kamwuliza kwa uchangamfu, "Mzee, mbona siku hizi hulileti gari?"