Degedege na Moshi wa Kinyesi cha Tembo

Akina mama wenzetu, sisi wa Pwani, kuanzia Zinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini, tunajua jinsi jina degedege linavyotia hofu. Mtoto ana homa. Ghafla macho yanapinduka, viungo vinakakamaa, mwili unatetemeka. Wazee walisema ni shetani mwenye umbo la ndege, aliyepita usiku akamtupia mtoto kivuli chake.

Tiba zilikuwa za ajabu. Mtoto alifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, au alikojolewa mwilini ili mtukutiko ukome. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wilaya ya Bagamoyo ulieleza tiba hizo.

Tusiwacheke wazee wetu. Huko Vienna, kuanzia mwaka 1917, daktari Julius Wagner-Jauregg aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewaingia kichwani, ili homa iwatibu. Wengine walikufa, naye mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Kila zama hutafuta msaada mahali inapodhani upo.

Lakini moshi ule ulikula muda, na muda ndio uhai wa mtoto. Tena lilikuwapo onyo: “Mwenye degedege asichomwe sindano, atakufa.” Tunaelewa lilivyoota mizizi. Mtoto alifikishwa hospitali akiwa hoi, akachomwa sindano, akafa. Lawama ikaiangukia sindano, si kuchelewa.

Degedege huweza kuletwa na homa kali tu, lakini huweza pia kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Kwa kumtazama tu nyumbani hatuwezi kujua ni ipi.

Basi mtoto akishikwa, tumlaze ubavu na kumlegeza nguo. Tusimtie kijiko wala kidole mdomoni, wala tusimnyweshe kitu. Kisha tumpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ametulia na kulala. Huko atapimwa malaria na sukari ya damu. Ikiwa ni malaria kali, sindano ya artesuneti ndiyo itakayomwokoa. Na kila usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Bibi akisema tungoje kidogo, tumjibu kwa heshima, huku mtoto yuko mgongoni. Na sisi tunaosali, tusali. Ila tusali tukiwa njiani.